Slasha, madramu, diski au msumeno? Kukagua mashine ya mtumba ya kukatia majani kabla hujalipa, kwa mashamba ya Tabora

Anayetafuta mashine ya mtumba ya kukatia majani kwa trekta, awe Uyui, Sikonge au Igunga, atakutana na aina nne: slasha, mowa ya madramu, mowa ya diski na mowa ya msumeno. Hazifanyi kazi moja, haziharibiki namna moja, na ubovu wake hauonekani kwa urahisi ule ule. Hilo la mwisho ndilo tunalolipa uzito zaidi hapa. Mashine ya mtumba isiyo na siri, hata kama imechakaa kiasi, ni salama kuliko inayong'aa lakini sehemu yake ghali imefungwa ndani ya chuma usikoweza kuchungulia.

Kwa anayetaka jibu kabla ya maelezo: kusafisha shamba lenye visiki, nunua slasha. Kukata majani ya hei kwenye ardhi ya kawaida ya Tabora, tafuta madramu. Msumeno unafaa mbuga tambarare na trekta ndogo. Diski ya mtumba iache, isipokuwa una eneo kubwa lililosafishwa na fundi wako mwenyewe.

Kwanza shamba, kisha trekta

Mashamba mengi ya Tabora yametolewa kwenye miombo. Hata palipolimwa miaka mingi, pembeni kuna visiki vilivyochipua, mizizi iliyojitokeza na vichuguu ambavyo majani ya Aprili yanavifunika kabisa. Kichuguu kikavu, kwa kisu kinachozunguka kwa kasi, ni sawa na tofali. Igunga na sehemu za Nzega hali ni nyingine: mbuga nyeusi, tambarare, visiki vichache, ila udongo ukilowa unanasa trekta na ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mguu.

Halafu kuna suala la msimu. Mvua zinaanza Novemba hivi na kuishia Aprili, kwa hiyo majani ya hei hukatwa mwishoni mwa Aprili na mwezi Mei, yanapoanza kutoa maua na jua linaweza kuyakausha. Ukichelewa mpaka Julai, yale majani marefu yamekuwa mabua; ng'ombe atayatafuna, lakini protini imeshaondoka. Nafasi yenyewe ni ya wiki chache. Beringi ikifa katika wiki hizo na spea ikabidi isubiriwe kwa basi kutoka Mwanza au Dar es Salaam, hei ya mwaka huo imekwenda. Ndiyo maana swali la "spea yake inapatikana wapi?" lina uzito sawa na swali la bei.

Upande wa trekta kuna mambo matatu ya kupima kabla hujatoka nyumbani.

Kasi ya PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine. Mashine nyingi za aina hizi ni za mizunguko 540 kwa dakika, na shafti ya trekta ina meno 6 na unene wa mm 35. Baadhi ya mashine zinazotoka mashamba makubwa ya Ulaya ni za mizunguko 1,000, kwa shafti yenye meno 21. Muuzaji atakwambia kuna adapta. Ipo kweli, lakini adapta inaunganisha shafti tu, kasi haibadilishi: mashine ya 1,000 ukiifunga kwenye 540 itayachana majani badala ya kuyakata, na ya 540 ukiipeleka 1,000 itajipasua. Wenye trekta ndogo za mtumba kutoka Japani waangalie zaidi, maana nyingi zina kasi kadhaa za PTO kwa kubadili lever, na ni ya chini tu iliyo karibu na 540.

Pini za kufungia. Mikono ya chini ya trekta ndogo na za kati hutumia pini za mm 22, na juu mm 19. Trekta kubwa hutumia mm 28 chini na mm 25 juu. Pini nyembamba kwenye tundu kubwa inarekebishwa kwa bushi. Pini nene kwenye tundu dogo ni kazi ya kutafuta pini nyingine au kuchonga upya.

Uzito. Madramu na diski hukaa upande wa kulia wa trekta, si nyuma katikati. Mowa ya madramu ya mita 1.65 ina uzito unaokaribia kilo 400. Trekta nyepesi isiyo na vyuma vya mbele itainua pua kila unaponyanyua mashine, na usukani hautashika.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| | Slasha, m 1.5 | Madramu, m 1.65 | Diski, m 2.4 | Msumeno, m 1.5 |
|---|---|---|---|---|
| Nguvu ya trekta | HP 35–45 | HP 35–45 | HP 55 na zaidi | HP 20 zinatosha |
| Eka kwa saa | 1.5 | 2 | 3 na kidogo | 1.5 |
| Hei | Mbaya, inakatakata | Nzuri, inalaza mistari | Nzuri sana | Nzuri sana |
| Visiki na vichuguu | Inavumilia | Inavumilia kiasi | Haivumilii | Haivumilii kabisa |
| Sehemu ya kuogopa | Gia boksi | Beringi za chini ya dramu | Boriti yenye gia | Kichwa cha kisu na meno |
| Ubovu unaonekana? | Sehemu kubwa | Nusu | Kidogo | Karibu wote |

Eka zimekokotolewa kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa kwa slasha na msumeno, 6 kwa madramu na 7 kwa diski, na kutoa sehemu ya tano ya muda kwa kugeuza na kusimama. Muuzaji akikutajia eka tano kwa saa kwa slasha ya mita moja na nusu, hesabu hiyo haipo kwenye ardhi yetu.

Vya kukagua kwenye mashine yoyote kati ya hizo

Nenda na tochi, tepu, kamba nyembamba ya mita 3, sumaku ndogo, brashi ya waya, kitambaa cheupe, nondo ya mita moja na seti ya spana. Magogo mawili ya kuegemeza mashine yatakuwepo huko huko. Usiingize mkono wala kichwa chini ya mashine iliyonyanyuliwa na haidroliki peke yake. Weka magogo, zima trekta, funguo uweke mfukoni mwako.

Rangi mpya isikufurahishe. Angalia ilikopita. Nipeli ya grisi iliyozibwa na rangi ina maana mashine haijapigwa grisi tangu ilipopakwa. Rangi juu ya krosi (viungo vya kupinda) za shafti ya PTO, juu ya mikanda au juu ya mpira wa sili ni kazi ya aliyetaka kuuza, si ya aliyetaka kutunza. Piga brashi ya waya kwenye maungio: pale gia boksi inapokalia bodi, kwenye mikono ya kufungia na kwenye kona za fremu. Ufa wa chuma chini ya rangi huanza kama mstari mwembamba wa kutu. Kuchomelewa si dhambi, ila tazama mchomeleo wenyewe. Uliofuata mstari vizuri na kuwekewa bamba la kuongezea nguvu ni ukarabati. Madonge ya rodi juu ya madonge mengine ni dalili kuwa pamepasuka zaidi ya mara moja, na patapasuka tena.

Shafti ya PTO mara nyingi huuzwa pamoja na mashine, na ni pesa nyingi peke yake. Shika kila krosi na kuichezesha kwa kupinda: ikigonga au kutoa vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe, imekwisha. Ivute shafti itoke. Mabomba mawili yateleze bila kukwama, na mashine ikiwa imefungwa yaingiliane angalau theluthi moja ya urefu wake bila kugota mwisho trekta inapogeuka. Mifuniko ya plastiki ikikosekana punguza bei na uiweke kwenye orodha ya kununua kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu shafti isiyofunikwa hunyonga nguo na mtu aliyeivaa. Pima krosi kwa kalipa, kipenyo cha kikombe na urefu kutoka kikombe hadi kikombe. Mwenye duka la spea anahitaji namba hizo mbili, wala si jina la mashine.

Slasha

Slasha ni mashine rahisi: gia boksi moja juu, shafti inayoteremka chini, chuma cha kubebea visu, na visu viwili vinavyoning'inia kwa bolti ili vikigonga kisiki vijikunje nyuma. Nyingi zina sahani ya chuma katikati chini inayoteleza juu ya kisiki. Kwa barabara za kuzuia moto, chini ya miembe na kwenye mashamba ya tumbaku yaliyopumzishwa hakuna inayoishinda. Kwa hei haifai: inayakatakata majani na kuyatawanya, na utaokota nusu tu.

Anza na gia boksi, maana ndiyo mashine yenyewe. Fungua tundu la kujazia. Ndani pawe na oili ya gia, 80W-90 au 90, nzito na ya rangi ya asali au nyeusi kidogo. Chovya kidole, ukipake kwenye kitambaa cheupe, ukitazame juani. Weusi si tatizo. Rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia, na slasha iliyolala nje masika yote bila kifuniko cha tundu la kupumulia huwa hivyo. Vidoa vinavyometa ni chuma cha gia au beringi. Pitisha sumaku, na ikirudi na ndevu za chuma, gia boksi imeanza kujila.

Ukikuta grisi badala ya oili, jua kuna sili inavuja na mwenyewe ameamua kuificha. Grisi inasukumwa pembeni na meno ya gia, haimwagiki chini lakini pia hairudi kulainisha, hivyo beringi ya juu hukauka huku ukidhani imejaa. Sili yenyewe ni ya bei nafuu. Kilichoharibu sili ndicho ghali, nacho kwa kawaida ni waya, kamba ya katani au majani marefu yaliyojizungusha kwenye shafti ya chini, au shafti iliyoanza kuyumba.

Kuyumba kunapimwa hivi. Slasha ikiwa juu ya magogo, pitisha nondo chini ya chuma cha kubebea visu, inua na uachie, kisha sukuma kushoto na kulia. Kucheza kwa kuzunguka kidogo ni nafasi ya meno ya gia, kawaida. Kucheza kwa kupanda na kushuka, au kwa pembeni, ni beringi. Ukisikia mgongano wa chuma, hiyo ni gia boksi ya kufunguliwa. Fundi mzuri ataifungua, na beringi zake ni za namba za kawaida zinazopatikana mjini. Gia zikiwa zimelika ndipo tatizo linapokuwa kubwa, kwa sababu gia ndogo na kubwa lazima zibadilishwe pamoja.

Halafu tafuta kinga ya gia boksi. Kuna aina mbili: bolti laini ya usalama, iliyokusudiwa kukatika slasha inapogonga, au klachi ya kuteleza yenye sahani na springi. Ukiona bolti ya usalama imebadilishwa kwa bolti ngumu, au pamechomelewa rodi kabisa, hutahitaji historia nyingine: kila kisiki kilichogongwa kilipigwa ndani ya gia. Punguza bei kwa thamani ya gia boksi au ondoka. Klachi ya kuteleza nayo ikikaa nje inashikwa na kutu ikawa chuma kimoja. Chora mstari wa chaki kukatiza sahani zote, legeza nati za springi, washa PTO kwa mwendo mdogo sana na uzime. Mstari ukivunjika, sahani zinateleza, nzuri. Ukibaki umenyooka, zimegandana. Hilo linatibika kwa kufungua na kusafisha, ila usikubali kuuziwa kana kwamba ni nzima.

Visu vyenyewe havitishi, vinachongwa au kununuliwa. Angalia mambo mawili. Kwanza, vijizungushe huru kwenye bolti zake, na tundu la bolti lisiwe limekuwa umbo la yai. Pili, vitoe vyote viwili uvipime kwenye mizani ya dukani. Vikipishana uzito sana, mtu alinoa kimoja au kukichomelea bila kujali mwenzake. Mtetemo wa tofauti hiyo ndio unaoua sili na kupasua bodi. Bodi iliyotoboka pembeni huzibwa kwa bamba. Bodi iliyopasuka kuzunguka miguu ya gia boksi ni habari nyingine, kwa sababu gia boksi isiyokaa sawa inapinda shafti ya PTO kila mzunguko.

Mowa ya madramu

Madramu mawili yanazunguka kuelekeana, kila moja likiwa na visu vitatu vidogo au zaidi chini, na majani yanapita katikati yakalala mstari mmoja. Reki ya mkono au ya trekta inapata kazi nyepesi. Mashine nyingi za hivi huletwa mtumba kutoka Ulaya, zilizokuwa kwenye mashamba madogo ya ng'ombe, na hapo kuna faida: zimefanya kazi ya hei, si ya kufyeka vichaka.

Chini ya kila dramu kuna sahani ya kuteleza iliyokalia ardhi. Ndiyo inayoliwa kwanza, hasa kwenye mchanga wa Uyui na Sikonge. Lala chini na tochi. Sahani ikiwa nyembamba kama bati au ina tundu, mchanga umeshaingia kwenye beringi iliyo juu yake. Izungushe kwa mkono huku dramu limeshikwa. Kwenye mashine nyingi sahani hii iko huru, inazunguka laini bila kukwaruza. Mkwaruzo wa mchanga unausikia kiganjani kabla ya masikio. Kisha weka nondo chini ya sahani uinue: ikipanda na kushuka, beringi imekufa, na kuibadilisha ni kushusha dramu zima.

Zungusha dramu moja kwa mkono. La pili lizunguke papo hapo kuelekea upande wake, na visu vya madramu hayo vipishane katikati bila kugusana. Visu vikikaribia kugongana, meno ya gia yamewahi kuruka au mtu aliyafunga vibaya. Angalia pia alama za kugongana kwenye ncha.

Mikanda ni kitu cha kusahaulika mpaka siku ya kazi. Mashine hizi huendeshwa na mikanda mitatu au minne kwa pamoja. Toa kifuniko: mkanda uliong'aa kama kioo umeteleza na kuungua, wenye nyufa za kukatiza umezeeka. Ikibidi kubadilisha, badilisha yote kwa wakati mmoja. Mkanda mpya mmoja kati ya mikuukuu mitatu utabeba mzigo wote na kukatika. Soma namba zilizoandikwa kwenye mikanda na uulizie mjini kabla ya kulipa. Mikanda ya aina hii huuzwa hata kwenye maduka ya spea za mashine za kusaga, na ni sababu mojawapo ya kuipendelea madramu kuliko diski.

Lachi ya kuachia ni ya mwisho. Mowa ikigonga kisiki inatakiwa kujifyatua na kurudi nyuma, kisha dereva anarudisha trekta kinyume ili ijifunge. Kama imefungwa kwa waya au imechomelewa, tazama kwa makini boriti ya kubebea: weka kamba kutoka kwenye pini za kufungia hadi mwisho wa fremu uone kama imepinda.

Mowa ya diski

Diski inakata haraka kuliko zote na haiogopi majani yaliyolala. Tatizo liko kwenye boriti. Ndani ya boriti nyembamba kuna gia zilizopangana kutoka diski ya kwanza hadi ya mwisho, zikiogelea kwenye oili kidogo. Gia moja ikivunjika, vipande vinabebwa na oili hadi kwa jirani. Kufungua boriti kunahitaji meza safi, vifaa vya kupima na spea ambazo hutazipata dukani Tabora. Mashine hii ikiwa na bei sawa na madramu, huwa kuna kitu.

Ikikubidi kuikagua, mwaga oili ya boriti yote, kwa idhini ya muuzaji, kwenye beseni safi. Akikataa, umeshapata jibu. Oili iwe safi, bila vipande; kipande kimoja cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha kukuondoa. Usisahau kurudisha kiasi kile kile, maana boriti ikijazwa kupita kiasi inachemka.

Zungusha diski ya kwanza kwa mkono taratibu. Zote zizunguke, na diski jirani zisimame kwa pembe ya digrii 90 baina yake ili visu visikutane. Shika kila diski na uichezeshe: kulegea kwa kuzunguka huongezeka kidogo kidogo kadiri unavyokwenda mwisho wa boriti, hilo ni la kawaida. Diski moja ikilegea ghafla kuliko jirani zake wote, hapo pana gia au shafti iliyochakaa. Nyosha kamba kutoka ncha hadi ncha ya boriti. Ikiwa na tumbo au mgongo wa sentimita moja, imegonga kitu kizito na gia haziko kwenye mstari. Visu vina kulia na kushoto, visichanganywe.

Mowa ya msumeno

Hii ndiyo ya zamani, na kwa mtumba ndiyo ya kweli zaidi: karibu kila kitu kiko nje. Kisu chenye pembetatu nyingi kinakwenda na kurudi ndani ya meno ya chuma. Kinakata kama mkasi, kinaacha shina safi, hakihitaji nguvu. Trekta ya HP 20 inatosha, na zipo ndogo zinazofungwa kwenye pawatila. Lakini kichuguu kimoja kinasimamisha kazi, na majani mabichi yaliyolala yanaziba meno.

Zungusha gurudumu la kuendeshea kwa mkono mzunguko mzima. Kisu kiende na kurudi bila kukwama popote. Kikikwama sehemu moja, jino limepinda, na jino lililopinda hunyooshwa kwa nyundo huku ukilinganisha na wenzake kwa kamba. Mwisho wa kila mwendo, katikati ya pembetatu ikae katikati ya jino. Ikipungua, mkono wa kusukuma haujapimwa vizuri. Gusa kila pembetatu: ribiti iliyolegea inalia. Ncha ya pembetatu iguse bamba la chini, ikielea juu hata milimita mbili itatafuna majani badala ya kuyakata. Pembetatu, ribiti na mabamba vinabadilishwa na fundi yeyote mwenye nyundo. Ukikuta mkono wa kusukuma wa mbao, usiucheke. Umewekwa uvunjike kabla ya chuma, na seremala anaweza kuchonga mwingine wa mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka.

Kipimo ambacho wengi hawakifanyi: mwisho wa boriti ya kisu, ule wa mbali na trekta, unatakiwa kutangulia mbele kidogo ya mwanzo wake, karibu sentimita 2 kwa kila mita. Boriti ya mita 1.5 itangulie sentimita 3. Kazini majani yanaisukuma nyuma mpaka inanyooka. Ikikutwa imelala nyuma ikiwa imepumzika, bushi za bawaba zimekwisha, na kisu kitakuwa kinasukumwa kwa pembe na kuvunja kichwa chake.

Kuiwasha

Mashine isiyowashwa haijakaguliwa. Kama muuzaji hana trekta, kodi ya jirani yake. Gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na gia boksi. Watu wote, watoto hasa, wakae mbali, mita 100 kwa slasha, upande wowote ule.

Iwashe kwa kasi ndogo, sikiliza, kisha panda taratibu hadi 540. Gia boksi nzima huvuma kwa sauti moja. Mlio wa kupandapanda na kushuka kwa kila mzunguko ni jino la gia. Mlio mkavu unaoongezeka na kasi ni beringi. Mtetemo unaokuja kwenye kasi fulani na kupotea ni visu visivyolingana uzito au shafti iliyopinda. Iache dakika 15 bila kukata kitu, zima, subiri isimame kabisa, kisha weka kiganja karibu na gia boksi na kila beringi. Vuguvugu ni sawa. Isiyogusika kwa sekunde tatu ina shida, na kama beringi moja ina joto kuliko nyingine, umeipata yenye ugonjwa. Tazama sili upya sasa, maana oili ya moto inavuja pale oili baridi ilipokaa kimya.

Ukikata majani kidogo, kagua shina. Mkato safi ni wa kisu kikali na kasi sahihi. Shina lililochanika nyuzi ni kisu butu, mkanda unaoteleza au PTO isiyofikia kasi. Ukikata hei, acha kisiki cha majani cha sentimita 7 hadi 10, yachipue tena na kisu kisiokote udongo. Na kama trekta yako ni ya zamani ambayo PTO yake inasimama mara tu unapokanyaga klachi, slasha ina jambo la kujua: uzito wa visu vinavyozunguka unaisukuma trekta mbele hata umekanyaga klachi. Kuna kifaa cha kufunga kwenye shafti kinachoruhusu visu vizunguke peke yake, kiulizie kabla hujageuza karibu na korongo.

Ipi kwa nani

Mfugaji wa Igunga mwenye ng'ombe kadhaa, mbuga tambarare na trekta ndogo: msumeno, na seti mbili za pembetatu za akiba. Mwenye trekta ya HP 45 hadi 50 na majani ya asili yaliyochanganyika na vichuguu vichache: madramu, baada ya kutembea shamba zima kwa miguu Machi na kuweka miti ya alama penye visiki. Mwenye shamba la kusafisha na hana ng'ombe: slasha, tena yenye klachi ya kuteleza kuliko ya bolti. Anayetaka yote mawili anunue slasha kuukuu na madramu mazuri. Mashine moja ya kufanya kazi zote mbili vizuri haipo. Kwa eka moja au mbili tu, usinunue yoyote kati ya hizi, mashine ya petroli ya begani inatosha.

Kwenye bei, usibishane kwa maneno. Andika orodha ya ulichokuta: sili mbili, krosi moja, mikanda minne, mfuniko wa shafti. Piga simu dukani upate bei za siku hiyo mbele ya muuzaji, ongeza ufundi na usafiri wa spea, kisha utoe jumla hiyo kwenye bei anayotaja. Wengi hushuka wakiona hesabu.

Namba ya kibati cha mashine iandikwe kwenye hati ya mauziano, pamoja na majina ya pande zote mbili na mashahidi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa; akiuza mfanyabiashara, akupe na risiti ya EFD. Kibati kilichong'olewa, kikiacha matundu mawili ya ribiti, ulizia kwa upole kilikwenda wapi. Wakati wa kupakia, madramu na diski vishikwe kwenye fremu ya juu, kamwe si kwenye dramu wala boriti. Nyingi hufika shambani zimepinda kwa sababu ya mnyororo uliopitishwa mahali pabaya.